Bibi Harusi, Hiyo Chai Iweke Kwanza Pembeni

Leo najibu barua moja tu, kwa sababu ukiisoma vizuri utamkuta humo shoga yako, wifi yako na pengine wewe mwenyewe. Aliyeandika ni binti wa Dar es Salaam anayeolewa Desemba. Jina lake nalihifadhi. Ameona mtandaoni chai ya kuondoa sumu mwilini, ya kunywa mwezi mzima, na bei yake inakaribia kodi ya chumba anachopanga. Anataka aingie kwenye ndoa akiwa msafi ndani na nje. Mtaalamu wake wa vipodozi naye amemkorogea krimu ya bibi harusi kwenye kikopo kisicho na maandishi. Kisha mwishoni, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni, anauliza: mchumba wake anapaka magari rangi gereji, na kila jioni anakunywa maziwa ili yatoe sumu ya rangi. Je, yanatoa kweli?

Haya, mdogo wangu, vuta kiti. Nitajibu uliyouliza na usiyouliza, maana mtu anayeanza nyumba mpya ana nafasi ambayo sisi wa siku nyingi hatuna: bado hajaijaza.

Chai kwanza. Geuza pakiti usome nyuma. Nyingi ya chai hizi zina sanamaki, jani ambalo bibi zetu walilijua kabla ya mtandao na walimpa mtu aliyekosa choo siku kadhaa. Kazi yake ni kulisukuma tumbo, basi. Unakunywa usiku, alfajiri unakimbilia chooni, unapanda mizani unakuta kilo moja haipo, unaamini sumu imetoka. Kilichotoka ni maji na chakula cha jana. Ukishikilia mwezi mzima, mwili unapoteza chumvichumvi zake, hasa potasiamu. Misuli inalegea, moyo unaweza kudunda ovyo, na tumbo linazoea kusubiri kusukumwa. Halafu lipo ambalo tangazo halisemi. Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha kunaweza kukitoa kidonge kabla hakijaingia kwenye damu. Usije ukarudi fungate na habari ambayo wawili nyie hamkuipanga.

Kazi ya kuondoa sumu mwilini ina wenyewe. Figo zako zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kila siku, zinayarudisha karibu yote, na kinachobaki ni lita moja au mbili za mkojo. Ini nalo linavunjavunja dawa, pombe na takataka nyingine usiku na mchana bila kudai ada. Zipo sumu ambazo viungo hivi vinashindwa kuzimaliza upesi. Risasi, kwa mfano, ikishaingia inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, na hakuna chai inayoifuata huko. Mtu aliyezidiwa na risasi au zebaki anatibiwa hospitali kwa dawa maalumu, chini ya vipimo. Kwa hiyo swali la kulipia pesa si "nitaitoa vipi?" bali "inaingilia wapi?" Na katika barua yako, mdogo wangu, mlango mkubwa kuliko yote ni kile kikopo.

Kikopo kisicho na maandishi

Mkorogo wa bibi harusi haujawahi kuwa krimu moja. Anayekoroga anafungua mirija kadhaa, anakamua, anaongeza losheni ili wingi upatikane, anatia marashi kufunika harufu ya dawa, anakukabidhi na maneno, "Paka usiku tu, usitoke juani." Mle ndani mara nyingi kuna moja kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja: zebaki, haidrokwinoni na steroidi.

Zebaki inang'arisha kwa kuzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Inafanya hivyo kweli, ndiyo maana watu wanarudi dukani. Lakini haikai kwenye ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu na kwenda kujikusanya kwenye figo, zile zile unazotaka kuzisafisha kwa chai. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Hiyo ni zaidi ya nusu karne iliyopita, hapo hapo jirani, na bado kikopo kinauzwa.

Dalili zake huwa ni za kawaida mno, na hilo ndilo tatizo. Uso unavimba asubuhi, unadhani umelala sana. Mkojo unatoa povu lisilopotea. Usingizi unapaa, mikono inatetemeka kidogo, hasira zinakuja bila sababu, na ndugu wanasema ni presha ya harusi.

Tena zebaki haimwachi aliye karibu. Inabaki kwenye taulo, kwenye foronya, kwenye kanga uliyojifunga ukitoka kuoga. Vipimo vimewahi kuikuta kwa watu wasiopaka kabisa, wakiwemo watoto, kwa sababu tu wanaishi nyumba moja na anayepaka. Huyo mume mtarajiwa atalala kwenye shuka hilo hilo, na mtoto akija atalala kifuani pako.

Sasa namna ya kuitambua. Kisicho na orodha ya viambato usikipake, hapo hakuna mjadala. Chenye maandishi, soma: ukiona "mercury", "mercurous chloride", "calomel", "mercurio" au alama ya Hg, hiyo ni zebaki kwa majina yake ya safari. Angalia pia onyo la kukutaka usiguse dhahabu, fedha au vito baada ya kupaka. Zebaki inaharibu madini hayo, na mtengenezaji anajua. Wewe unavishwa pete Desemba. Dunia yenyewe imeshaamua: chini ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliumizwa na zebaki ya kiwandani iliyoingia kwenye samaki, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Kwetu Tanzania vilikuwa marufuku tayari. Marufuku ipo, na mwenye begi anapita saluni kwa saluni.

Haidrokwinoni nayo inaanza kwa kupendeza. Ikizoeleka miaka, tena kwenye jua letu hili, mashavuni yanatokea madoa ya rangi ya bluu iliyokolea ambayo daktari wa ngozi mwenyewe anahangaika kuyatoa. Steroidi ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, inayopakwa kidogo, kwa siku chache, kwa maelekezo. Ukiipaka mwili mzima kama losheni, ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, vidonda vinachelewa kupona. Ukiiacha ghafla uso unawaka na kutoa vipele, unarudi kwa aliyekukorogea, anakuuzia kikopo cha pili. Hapo ndipo biashara yake ilipo.

Kama umeshaanza kupaka, kiache, ukifungie kwenye mfuko uende nacho hospitali. Mwambie daktari bila aibu umekipaka muda gani na sehemu gani, apime mkojo na utendaji wa figo. Kama ulipaka kwa miezi, usijitibu mwenyewe unapokiacha. Mwili ukizoea steroidi nyingi unahitaji kupunguziwa taratibu na daktari, chini ya uangalizi. Madaktari wa ngozi wapo kwenye hospitali za rufaa, na kwa ndugu zetu wa kaskazini, KCMC pale Moshi kuna chuo kinachofundisha matabibu wa ngozi wa ukanda mzima.

Sisemi uende ukumbini umepauka. Tafuta somo anayejua kazi, akusinge. Liwa inayosagwa mbele yako, singo ambalo unajua kila kilichotiwa, mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani. Ngozi ya bibi harusi ilikuwa inang'aa pwani hii kabla mirija hiyo haijabuniwa.

Piko, wanja na udi

Ukishafika kwa somo, utaulizwa hina au piko. Hina ya majani haina neno. Unga wake ni wa kijani, unanukia majani makavu, unakaa nao saa kadhaa, ukiubandua rangi ni ya chungwa inayokolea kuwa kahawia kesho yake. Piko inakuwa nyeusi tii ndani ya muda mfupi, na weusi huo ni rangi ya nywele. Kemikali yake inajulikana kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuchorea ngozi hairuhusiwi. Kwenye kibakuli cha mchoraji hakuna anayepima. Wengi wanapakwa salama. Wengine baada ya siku kadhaa maua yote yanavimba malengelenge kwa umbo lile lile lililochorwa, na kovu linabaki na shina na majani yake. Mwili ukishaikataa PPD hausahau. Miaka baadaye unatia rangi nywele zilizoanza mvi, uso unavimba hadi macho yanafumba. Chora hina, mdogo wangu. Ukitaka ikolee, paka maji ya ndimu na sukari, uilaze nayo usiku kucha.

Wanja wa kalamu wa kampuni inayojulikana, paka. Wanja wa manga wa unga, ule wa jiwe la kusagwa, unaweza kuwa madini ya risasi moja kwa moja. Kwako wewe mtu mzima si jambo zuri. Kwa mtoto mchanga ni baya zaidi, na sisi watu wa pwani tuna mapenzi ya kumchora mtoto nyusi. Anajifuta jicho kwa ngumi, ngumi inaingia mdomoni. Tumbo la mtoto linafyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya la mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inagusa ubongo unaokua. Bibi mzaa baba akija na kijikopo chake, mpokee kwa heshima zote, kiweke kabatini.

Udi sikukatazi, nisije nikafukuzwa ukoo. Moshi ni moshi hata ukinukia; fukiza nguo na chumba dirisha likiwa wazi, ukimaliza toa chetezo nje. Ukiwa na pumu, au mtoto wa miezi, tumia marashi ya maji.

Kwenye kitchen party, omba vitu hivi

Kamati itakuuliza unataka nini. Usione haya kusema, la sivyo utaletewa ndoo kumi za plastiki na bakuli za maua. Mimi ningeomba mtungi wa gesi na jiko lake kabla ya kitu kingine chochote. Serikali yenyewe inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na sababu si miti peke yake. Moshi wa kuni na mkaa unaingia kwenye mapafu ya mpishi, na mpishi wa nyumba zetu mnamjua.

Najua mkaa hautaondoka kesho. Maharage yana bei yake kwenye gesi. Basi tusemezane kuhusu namna ya kuuwasha. Ukipita uchochoro wowote saa kumi na moja jioni utaona: mama anachukua mfuko wa nailoni, anauzungushia kijiti, anawasha, matone yanayowaka yanadondokea mkaa yakilia pwi, pwi, pwi. Moshi mweusi unapanda na mtoto kabebwa mgongoni. Dakika tano baadaye samaki anawekwa juu ya mkaa ule ule. Plastiki inayoungua namna hiyo, kwa moto mdogo usiokamilika, inatoa kemikali mbaya kuliko moshi wa mkaa wenyewe. Zikiwemo plastiki za aina ya PVC, zile za mabomba na maganda ya nyaya, ndipo dayoksini zinapopatikana, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Na sisi tuna makumbi ya nazi, vifuu, magunzi, vijiti vikavu! Jaza gunia moja la makumbi weka jikoni. Yanashika moto kwa kiberiti kimoja, na hayadondoshi kitu.

Nailoni hiyo hiyo ndiyo tunayofunikia wali. Maji yakikaribia kukauka, mfuko unatandazwa juu ya wali, mfuniko, na makaa juu yake. Wali unaiva vizuri, sibishi. Lakini mfuko wa dukani haukutengenezwa kukutana na mvuke, na ule mweusi aghalabu ni plastiki chakavu iliyoyeyushwa upya, haijulikani ilikuwa nini kabla. Joto na mafuta ndiyo yanayovuta kemikali kutoka kwenye plastiki kuingia kwenye chakula. Omba kawa kwa shangazi yako wa pwani. Mwenye migomba uani akate jani alipitishe motoni, alifunikie. Harufu yake tu ni mboga. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia 2006, lakini nailoni laini za kufungia zimebaki, na chipsi za moto zinaendelea kutiwa humo na pilipili juu. Nenda na bakuli lako. Muuzaji atacheka siku ya kwanza, ya tatu atakuzoea.

Sufuria nazo zichague. Zile nzito zinazofinyangwa mtaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu, yakiwemo mabaki ya injini na redieta, zimepimwa katika nchi mbalimbali za Afrika na Asia na kukutwa zinatoa risasi kwenye chakula, hasa kikiwa na uchachu. Mchuzi wa ukwaju au nyanya usiulaze humo. Kama unayo na huna nyingine, chemshia maji ya kuoga. Chuma cha pua kikipatikana, hata sufuria mbili tu, zitakutosha wewe na mwenzako.

Chumba cha kulala nakipitia haraka. Jiko la mkaa lisilale humo, hata kama umeolewa Njombe na baridi inauma. Gesi yake inayoua haina rangi wala harufu, na mtu haamki kuikimbia. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, iliwahi kupimwa: kipande kimoja kikiungua chote kinatoa vumbi laini la moshi sawa na sigara kati ya 75 na 137. Tungika chandarua chenye dawa, ziba matundu ya wavu dirishani, hilo linatosha.

Sumu ambayo moto hauiui

Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote, kwa sababu hii sumu haina tangazo mtandaoni na hakuna chai inayodai kuiondoa. Ni sumukuvu. Inatokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 kule Ukambani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2016 ikatufikia sisi, Dodoma na Manyara, watu wakaanza kuwa na macho ya manjano na kuvimba matumbo, na wengine wakapoteza maisha. Hayo ni ya kiwango kikubwa, yanayoingia magazetini. Ya kiwango kidogo, kidogo cha kila siku, yanalila ini kimyakimya, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini B uwezekano wa saratani ya ini unapanda mara nyingi.

Ubaya wake ni kwamba haifi kwa kupikwa. Ugali utasongwa, karanga zitakaangwa, uji utachemka, sumu ipo pale pale. Kwa hiyo kazi inafanyika kwenye ungo, kabla ya jiko. Karanga kabla ya kukaanga, zimwage kwenye ungo mweupe mchana, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye unga wa kijani au kijivu. Usizisage kwa kusema "zitajificha". Ndiyo maana karanga za kusagwa tayari za bei rahisi mno mimi sizigusi. Wanaouza hutenga nzuri za kukaanga, na ninajiuliza mbovu zinakwenda wapi.

Mahindi ukinunua gunia, jaribu hivi: chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi robo, tia kijiko cha chumvi kavu ya mezani, funika, tikisa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi, yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Ikidondoka chini yote, hifadhi. Na wale wa dona: dona ni lishe ya mahindi mazuri. Dona ya mahindi yenye kuvu inakulisha kila kitu, maana sehemu kubwa ya sumu iko kwenye maganda na kiini ambavyo kukoboa kungeviondoa.

Utakapopata mtoto utaambiwa kuhusu unga wa lishe wenye mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele, ngano na kila kilicho dukani. Mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayopendwa zaidi na kuvu hao, na mtoto anayekula uji huo mara tatu kwa siku anapata dozi kubwa kuliko baba yake. Uji wa nafaka moja uliyoichambua mwenyewe, ukatia maziwa na parachichi pembeni, unamtosha kabisa.

Na ukiwa mjamzito, utatamani pemba, udongo ule wa sokoni unaouzwa kwa mafungu. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Udongo wa namna hiyo umepimwa, hata hapa kwetu kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu, ukakutwa na risasi na aseniki. Sema kliniki, upimwe damu, upewe madini ya chuma. Hata hiyo tu ni kinga: mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha unafyonza risasi kidogo.

Kuhusu dawa za usafi nina neno moja, na ni amri ya dada. Hakuna dawa inayohamia kwenye chupa ya soda au ya maji: si mafuta ya taa, si dawa ya mende ya kupimiwa na wapita njia, si kostiki. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe na usimpe maziwa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe. Akitapika, yanaweza kumwingia kwenye mapafu. Na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiichanganye na ile ya kusugulia choo. Zinatoa gesi inayobana kifua papo hapo, na choo chenyewe kina kidirisha cha kiganja.

Sasa huyu bwana wa maziwa

Maziwa ya gereji na viwandani ni imani ya miaka mingi. Kuna waajiri wanaoyatoa kama sehemu ya posho. Maziwa yanakwenda tumboni. Rangi inayopulizwa inakwenda kwenye mapafu, na tumbo na mapafu hawatembeleani. Rangi nyingi za magari zenye kigumishi zina kemikali ziitwazo aisosayaneti, zinazojulikana kwa kuwapa mafundi pumu ya ukubwani. Akikohoa Jumatatu hadi Ijumaa na kupata nafuu Jumapili, hilo si vumbi la Dar, aende akapimwe mapafu.

Mwambie asinunue zile barakoa za kitambaa. Anunue ya mpira inayobana uso, yenye vichujio viwili pembeni vya kemikali, na avibadilishe kwa ratiba ya mtengenezaji bila kusubiri harufu, maana aisosayaneti zinaweza kupita bila kunuka. Ndevu zinaipitisha hewa pembeni, kwa hiyo mjadiliane. Apulizie sehemu yenye hewa inayopita. Gari la zamani asilipige msasa mkavu, rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Atumie msasa wa maji. Na aache kunawa mikono kwa thina! Inakata rangi ndiyo, na inapita kwenye ngozi hadi kwenye damu. Ajipake mafuta ya kula kwanza, asugue, kisha sabuni ya unga na maji.

Nguo za kazi zibaki gereji, au zivuliwe uani na kufuliwa kwenye beseni lao peke yake. Aoge kabla hajambeba mtoto wa mtu. Ikifika zamu yenu ya kupaka chumba rangi, naamini atataka kupaka mwenyewe. Achague rangi ya maji kwa kuta, na ulale kwenu hadi harufu iishe.

Maziwa asiache. Kalsiamu inamfaa, na nusu lita ni chakula. Ila pesa ya ile chai, mdogo wangu, ndiyo bei ya barakoa.